Mashua yangu inavuja upande mmoja tu, tena ikiwa na tanga. Wazoefu, tatizo ni nini?

#1 Mtoto wa Chumbageni
Wakuu salaam.

Nimenunua mashua ya mkononi, futi 22, hapa Tanga. Bei milioni 3 na laki 8 pamoja na tanga, foromali (mti wa kufungia tanga), nanga moja na kamba ambazo nusu yake nimeshazitupa. Mwenyewe alifariki na watoto wake hawataki habari za bahari. Nikamchukua fundi, akang'oa kalafati yote (pamba ya kuziba mianya ya mbao) akatia upya, akabadilisha mbao mbili zilizooza, akapaka rangi. Bamvua iliyopita, maji yalipojaa sana, tukaishusha.

Siku ya kwanza ilivuja kila mahali kama tenga. Siku ya nne ikatulia. Sasa ikitia nanga Sahare usiku kucha, asubuhi nikifunua mbao za sakafu maji ya ngamani hayajazi hata kikombe. Ila nikitweka tanga nikawa na upepo wa kushoto, mashua ikalalia kulia, nusu saa tu maji yako kwenye kifundo cha mguu. Juzi nilikuwa nje ya Ulenge, mtoto wa dada yangu alikumba maji mpaka akaanza kulia. Nikigeuza ikalalia kushoto, kavu kabisa. Hata tone.

Fundi anasema "itaziba yenyewe". Hii ni wiki ya pili. Nifanyeje?

#2 Kichwa Ngumu
Umenunua ndoo yenye mlingoti. Uza.

#3 Tezo Kali
Mkuu usitishike. Mbao za chini zimeshakunywa maji zikavimba, zimebanana, ndiyo maana ukiwa nangani huoni kitu. Mbao za juu, zile ambazo muda wote ziko nje ya maji, bado kavu kama kuni. Upepo ukikulaza, mbao hizo ndizo zinazoingia majini, na mianya yake iko wazi. Kwa hiyo chombo chako hakivuji chini, kinavuja ubavuni.

Dawa ni rahisi. Tandika magunia ubavuni, uyamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni kwa siku kumi. Ya bahari, si ya bomba. Mimi niko Nungwi, tunafanya hivyo kila chombo kikikaa juu muda mrefu.

#4 Kichwa Ngumu
Tezo Kali, swali la mtu wa bara: huo ubavu wa kushoto hauna mbao za juu? Mbona wenyewe hauvuji?

#5 Nahodha Mstaafu
Asalaam aleykum. Kijana wa bara kauliza swali la maana, mumjibu msimcheke.

Mimi naona tofauti na fundi wa Nungwi. Tanga likijaa upepo, mlingoti haubaki pale umesimama tu, unashindilia chini. Mguu wake umekalia mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Kama pale unapokalia pamelika, au taruma (mbavu za ndani) za jirani zimekatika, mkuku unacheza, na ubao wa kwanza unaokaa juu ya mkuku unaachana nao upande wa demani, ule chombo kinaolalia. Ukishusha tanga unajifunga tena kama mdomo. Ndiyo sababu nangani huoni kitu.

Nimeliona hili kwenye jahazi nililotumikia zamani, tukichukua boriti za mikoko Rufiji tukizipeleka Unguja. Tulikuwa tukifua maji njia nzima, tukifika bandarini Malindi, Unguja, chombo kikavu, tajiri anatuita waongo. Mpaka siku moja baharia mmoja alilala ngamani kwa hiari yake, taa ya mkononi, chombo kikiwa kinakwenda, akaona maji yanaruka kama chemchemi kila wimbi likipiga. Akatoka akiwa hana rangi.

Mwanangu, fungua mbao za sakafu, mwache mtu ashike usukani, wewe kaa karibu na mguu wa mlingoti utazame. Usikisie ukiwa tezini, huko nyuma.

#6 Binti Pangani
Mtoa mada, kabla watu hawajaanza kukugombania, tujibu mambo matatu. Zile mbao mbili zilizobadilishwa ziko upande gani? Ni mti gani? Na fundi alipigilia misumari gani?

Mimi nina mashua mbili zinazopeleka wageni fungu la Maziwe, kwa hiyo sijasoma vitabuni. Nimelipa ada.

#7 Mtoto wa Chumbageni
Asanteni nyote. Binti Pangani: zote mbili upande wa kulia, usawa wa maji na moja juu yake. Mti ni mwembe. Misumari ni ya dukani, ile inayong'aa nyeupe, sikuuliza zaidi.

Nahodha shikamoo. Nitajaribu hilo la kukaa chini.

#8 Binti Pangani
Nilijua. Mwembe wenyewe ulikuwa umekauka au ulikatwa juzi? Ubao mbichi ukiufunga kwenye chombo unasinyaa pale pale ulipo, mwanya unapanuka na pamba inabaki inaning'inia. Tena umewekwa jirani na ubao wa zamani ambao naamini ni mvule. Mbao mbili za tabia tofauti zinazoshikwa na msumari mmoja, moja inavimba nyingine haijaamua.

Mwembe ni mzuri kwa kuchonga ngalawa, gogo zima. Kuutia kiraka kwenye mashua ya mvule ni ubahili wa fundi, na wewe ulilipishwa bei ya mvule, bisha.

#9 Mtoto wa Chumbageni
Sibishi. Nililipishwa bei ya mvule.

#10 Kichwa Ngumu
😂😂😂

#11 Tezo Kali
Binti Pangani sikatai la mwembe, lakini msimhukumu fundi mwenzangu hayupo. Mvule mzuri siku hizi unatafutwa kwa tochi, na mteja akiambiwa bei anasema "tia chochote". Mwembe uliokaushwa kivulini na kulishwa sifa (mafuta ya papa) vizuri unakaa miaka. Nimeona.

Mimi bado nasema ni ukavu. Mtoa mada, mashua ilikaa nchi kavu muda gani kabla hujainunua?

#12 Mja wa Kilifi
Wadau mnazunguka. Hiyo kitu imalizwe na faiba. Unaparura rangi yote, unalaza matandiko mawili ya faiba nje, kutoka mkuku hadi juu, unasahau mambo ya pamba na harufu ya papa. Jirani yangu hapa Kilifi alifanya hivyo na mashua kuukuu, sasa ni mwaka wa tatu inaenda na wageni, haiingizi maji.

#13 Binti Pangani
Mja wa Kilifi, hapana, hapana, hapana.

Marehemu baba yangu alifanya hilo hilo. Mwaka wa kwanza tulijisifu pwani nzima. Mwaka wa pili sakafu ikaanza kuwa laini kwenye kisigino. Tukabandua faiba pembeni, ubao chini yake unachotwa na kijiko kama boga lililopikwa. Kwa nini? Mbao inavimba na kusinyaa, faiba haivimbi. Panapatikana ufa mdogo usiouona, maji yanaingia katikati, hayana pa kutokea. Juu mvua, chini bahari, ubao umevalishwa koti la mvua kwa ndani. Ile mashua tuliichoma. Misumari yake tuliiokota kwenye majivu, imebaki kama sindano.

#14 Mja wa Kilifi
Pole kwa hasara dada. Lakini hiyo ni kazi mbaya, sio kosa la faiba. Mbao ikiwa haijakauka ndani na nje, au ukitumia ile gundi ya bei rahisi badala ya epoksi, itabanduka. Ikifanywa sawa inashika.

Nikiri pia kwamba boti ya faiba tupu nayo ina maradhi yake. Mimi nilinunua yoti ndogo ya miaka ya sabini kutoka kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Nilipoipandisha nikaona chini imetoka malengelenge, kama mtu aliyemwagikiwa chai. Ukitoboa moja linatoa maji yenye harufu ya siki. Maji hupenya polepole kwenye faiba miaka na miaka, yanajikusanya ndani. Ilibidi niparure chini yote, halafu ikae juu miezi minne ikauke ndipo nipake. Miezi minne nalipia mahali pa kuiegesha. Kwa hiyo kila mtu na msiba wake.

#15 Kichwa Ngumu
Mpaka sasa: ukavu, mlingoti, mwembe, faiba. Nahodha wengi, chombo kinakwenda mrama. Mwingine?

#16 Mtu wa Ukerewe
Habari za pwani. Mimi mtu wa ziwani, nisamehewe nikikosea. Huku mtumbwi wa mbao tunauziba kwa pamba, na pamba tunayo shambani, hatununui 😀. Tanga letu ni turubai la kushonea. Kitu ambacho hatufanyi ni hizo habari za kumwagia maji ya chumvi kwa sababu chumvi hatuna. Je, kuna tofauti kweli au ni mazoea?

Na jingine, mtoa mada umesema mashua kavu ikilalia kushoto. Una uhakika maji yanaingia? Isije kuwa yako humo siku zote, yamejificha kati ya taruma chini ya sakafu, ikilala kulia ndiyo yanajitokeza. Kwetu taruma zisipotobolewa njia ya maji chini, kila chumba kinabaki na dimbwi lake.

#17 Mtoto wa Chumbageni
Mtu wa Ukerewe, nilifikiri hivyo pia. Lakini nilikumba ndoo 14 siku ile ya Ulenge. Ndoo 14 hazijifichi kwenye mashua ya futi 22.

#18 Nahodha Mstaafu
La chumvi si mazoea. Maji ya bahari yanahifadhi ubao, maji ya mvua yanauoza. Ndiyo maana chombo huoza kuanzia juu, kwenye kingo na chini ya sitaha, pale mvua inapotuama. Zamani tukimaliza safari ya masika tulisugua mbao kwa maji ya bahari kila alfajiri, na wengine hutia chumvi ya mawe katikati ya taruma. Mtu akikuuzia chombo, usianzie chini. Anzia pembe za juu, penye kivuli, chomeka kisu. Kikiingia bila kusukumwa, rudi nyumbani.

Watu wa ziwani wana bahati moja, hawana yule mdudu wa mbao wa baharini. Sisi anatula. Mlango wake ni kitundu kama cha sindano, ukipasua ubao ndani ni mashimo kama sega la asali.

#19 Amu Yangu
Nahodha amenena. Na mdudu huyo ndiye ninamuogopea mtoa mada. Alipopandisha mashua, huyo fundi alichoma chini? Huku kwetu Amu (Lamu), chombo kikipandishwa kinageuzwa ubavu, kinapitishiwa moto wa makuti makavu chini yote, haraka, mwako wa kuua mdudu usiounguza ubao. Kisha ndipo deheni: chokaa na shahamu, inapakwa kwa mkono. Mkono mtupu, si burashi. Kiganja kinapapasa kila msumari, ukipita pahali palipo laini mkono unajua kabla ya jicho.

Lingine. Mumesema sana kuhusu mwanya kuwa wazi, hakuna aliyesema kuwa huenda umejazwa mno. Chombo kilichokauka kikitiwa kalafati kwa nguvu, nyundo mpaka pamba ihisi kama jiwe, kikirudi majini mbao zinataka kuvimba, hazina nafasi. Zitasukumana mpaka zing'oe misumari au zivunje taruma. Fundi mwenye akili, ubao ukiwa mkavu, anaacha pamba ikiwa na ulaini wake. Ile kalafati yako ilivuja siku nne ikaziba, ni dalili njema upande mmoja. Upande wa pili, nenda ukahesabu taruma za kulia, kama kuna iliyopasuka karibu na hizo mbao mpya.

#20 Tezo Kali
Amu Yangu hapo umenipa. Hilo la kukaza pamba kupita kiasi nimeliona kwa macho yangu, sauti ya taruma ikipasuka usiku ni kama bunduki.

Kuhusu deheni, siku hizi vijana wengi wanapaka rangi ya dukani tu. Na sifa imepanda bei kwa sababu papa hawapo kama zamani, basi watu wanatia oili chafu ya gari kwenye pamba. Usikubali. Rangi haishiki juu yake, na pamba inabaki utelezi haikai.

#21 Kichwa Ngumu
Mimi nauliza tu: hiyo sifa inanuka kiasi gani? Kwa makadirio.

#22 Binti Pangani
Mume wangu alilala sebuleni siku tatu. Kwa makadirio.

#23 Mzee Kitabu
Ndugu zangu mmeongea mbao na pamba mmesahau jambo moja. Mwenye mashua alifariki. Je, warithi wote waliridhia? Ilisomwa dua kabla ya kuishusha? Chombo chenye kinyongo cha maiti hakitulii. Kinavuja upande mmoja kwa sababu mrithi mmoja hakupata haki yake. Mtaniita mshamba.

#24 Kichwa Ngumu
Mzee wangu sikuiti mshamba, ila naomba kujua mrithi huyo anakaa upande wa kulia?

#25 Nahodha Mstaafu
Msimcheke. Chombo kikishushwa watu husoma dua na kula ubwabwa, ni desturi, na siku ile pwani nzima inakuja kuvuta kamba. Ukishusha kimya kimya kama mwizi hakuna atakayekuja siku umekwama mwambani. Hilo ndilo mimi ninalolijua.

Na suala la warithi ni la sheria kabla halijawa la mizimu. Mwanangu, karatasi ya mauziano imesainiwa na nani?

#26 Mtoto wa Chumbageni
Mtoto mkubwa, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Wako watano.

#27 Binti Pangani
Haya, hili sasa ndilo tundu kubwa kuliko yote. Msimamizi wa mirathi aliteuliwa mahakamani? Kama hapana, ndugu mmoja akirudi kutoka Dar akakuta mashua imepakwa rangi mpya atakumbuka kwamba naye ni mtoto. Tafuta saini za wote watano. Halafu fuatilia kubadilisha jina kwenye usajili, TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli) huko, na leseni ya uvuvi kama utavua. Namba iliyochorwa ubavuni ilingane na iliyo kwenye cheti. Usichore namba upya kwa kukumbuka, watu wameumia.

#28 Mswahili wa Muscat
Salaam kutoka Muscat. Uzi mtamu. Kwa kuwa tunazungumza vyombo vya mkononi, niwape kisa cha Sur, mji wa hapa Oman uliokuwa ukiunda majahazi makubwa yaliyokuwa yakija huko kwetu na kaskazi. Iko moja inaitwa Fatah al-Khair, ganja (aina ya jahazi) kubwa ya huko huko Sur, ilikuwa imeshauzwa Yemen. Watu wa mji wakachangishana fedha, wakaifuata, wakaikomboa wakairudisha na kuitengeneza. Sasa imewekwa nchi kavu, watu wanakwenda kuitazama. Mimi nilikwenda na watoto wangu, nikaigusa mbao, nikamkumbuka babu yangu aliyeondoka Pemba.

Na mwaka 2010 Oman walituma Jewel of Muscat mpaka Singapore, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, hakina msumari hata mmoja.

#29 Mtu wa Ukerewe
Kumbe kama mtepe wetu, chombo cha kushona cha zamani. Nilisoma kwamba walishona kwa sababu hawakuwa na chuma.

#30 Mswahili wa Muscat
Hapana ndugu, hiyo imekosewa. Chuma pwani ilikuwapo zamani sana. Wako pia waliodai baharini kuna milima ya sumaku inayovuta misumari, hiyo ni hadithi ya kulalia watoto. Cha kweli ni kwamba chombo cha kushona kinakubali kupinda. Kikipigwa na wimbi au kikikalia mwamba kinanyonga mwili kidogo, hakivunjiki. Kilichopigiliwa misumari kinagoma, na kikigoma kuna kitu kitaachia. Hata mji wa kale wa Rhapta, uliotajwa na mabaharia wa Kigiriki karne ya kwanza, jina lake linatokana na neno la kushona, kwa ajili ya mashua za huko.

#31 Kichwa Ngumu
Kwa hiyo ushauri wa jopo ni kwamba aishone?

#32 Amu Yangu
Kama hataki mbao wala uzi, tuna ya plastiki. Flipflopi iliundwa hapa Amu, mita 9, plastiki ya takataka zilizookotwa, na ndara za mpira za rangi zote nje. Ikashushwa 2018, na 2019 ikenda mpaka Unguja. Mafundi walikuwa ni wale wale wa jahazi, na tezo zile zile. Haili mdudu, hiyo.

#33 Mja wa Kilifi
Niliiona ilipopita Kilifi. Ninyi mnakataa faiba halafu mnasifu ndara.

#34 Binti Pangani
Turudi ngamani tafadhali. Mtoa mada hujajibu la misumari. Nyeupe inayong'aa ni ya zinki au ni ile isiyoshika kutu? Na misumari ya zamani ilikuwa ya nini? Kama kuna kipande cha shaba mahali, na chuma jirani yake, kwenye maji ya chumvi chuma kinaliwa. Hakichukui miaka. Kichwa cha msumari unakiona kizima kabisa nje, ndani shingo imeshakwisha. Ubao unashikwa na mazoea tu. Nangani unatulia, tanga likivuta, mbao inahema.

#35 Mtoto wa Chumbageni
Wakuu nimerudi. Samahani kwa kimya, bamvua ndiyo imefika leo na tulikuwa pwani tangu alfajiri.

Kwanza majibu. Tezo Kali: nimeuliza jirani wa marehemu, mashua ilikaa juu miezi minane, imelala juu ya magogo ya mnazi, ubavu wa kushoto chini mchangani, wa kulia juu, jua la mchana lote linaupiga. Naona mnachekelea Nungwi huko.

Binti Pangani: misumari mipya ni ya zinki. Ila kwenye usukani, vyuma vya bawaba kwenye fashini (mti wa nyuma unaobeba usukani) ni vya shaba. Sikuwahi kuviangalia.

Nahodha: jana nilikaa chini karibu na mguu wa mlingoti, rafiki yangu akashika kana (mkono wa usukani). Nilitapika mara mbili, lakini niliona. Taruma ya tatu na ya nne kulia zina ufa. Kwenye mkuku paliloa, sikuona chemchemi. Pengine upepo ulikuwa mdogo.

Leo asubuhi maji yalipokupwa nikafanya jaribio alilonifundisha mzee mmoja hapa Sahare: mashua ikiwa mchangani, unamwaga maji NDANI halafu unatazama yanatokea wapi nje.

#36 Nahodha Mstaafu
Ndoo ngapi? Usijaze! Chombo kimeundwa kusukumwa kutoka nje. Ukikijaza kikiwa nchi kavu unazisukuma mbao zitoke.

#37 Mtoto wa Chumbageni
Ndoo 20 tu, tukaiinamisha kulia kwa magogo. Nilipaka chokaa ya unga nje ili pakiloa paonekane. Matokeo haya hapa.

Moja, mwanya kati ya ubao wa mwembe wa juu na ule wa zamani: maji yanachuruzika, mstari wa urefu wa mkono mzima.

Mbili, misumari miwili ya zamani karibu na shetri (nyuma ya chombo), inatoka michirizi ya rangi ya chai. Nilipogusa kichwa cha mmoja kikaanguka mchangani. Ninacho mfukoni sasa hivi.

Tatu, pale chini ya mlingoti, kando ya mkuku, chokaa imeloa duara kama sahani. Haidondoki. Imeloa tu.

Mbao nyingine za juu za kulia, zile za zamani, unyevu mahali mahali. Kushoto kukavu.

#38 Binti Pangani
Mwembe.

#39 Tezo Kali
Jua la miezi minane. Mbao za zamani pia zimeloa, umesoma? Mwembe umeongezea tu.

#40 Amu Yangu
Taruma mbili zenye ufa mumezipita kama hamukuziona. Zilipasuka kwa kalafati au zilipasuka kabla, lakini bila hizo kushika hakuna ubao utakaotulia, uwe mwembe au mbambakofi. Tia taruma mpya za mlilana ubavuni mwa hizo za zamani, usizing'oe.

#41 Mja wa Kilifi
Na faiba juu yake.

#42 Binti Pangani
Wewe!

#43 Nahodha Mstaafu
Jaribio limefanywa tanga likiwa limekunjwa. Mlingoti haukuwa na mzigo wowote, na bado kimeloa duara kama sahani. Sasa piga hesabu ukiwa na upepo wa kusi nje ya Ulenge. Mimi sisemi zaidi, nenda kaangalie hiyo sahani.

#44 Mzee Kitabu
Warithi watano. Umeshapata saini ngapi?

#45 Mtoto wa Chumbageni
Tatu. Wa nne yuko Mombasa, anasema atatuma. Wa tano hapokei simu.

Bamvua nyingine ni baada ya wiki mbili hivi, mpaka hapo imekaa juu. Taruma mbili nitatia. Ubao wa mwembe nitautoa nikipata mvule wa kweli, mwenye nao Tanga au Pangani aniandikie. Misumari ya shetri yote nitaigonga mmoja mmoja. Mlingoti nitaung'oa nitazame chini yake, ingawa kuung'oa kunataka watu sita na mimi nina wawili.

Fundi nilimpigia akaja jioni. Akazunguka mara moja, akatia kidole kwenye ule mwanya, akanusa kidole. Akasema itaziba yenyewe.

#46 Kichwa Ngumu
Mkuu, tuwe wakweli. Nina milioni 2 na nusu. Naichukua kama ilivyo, na magunia.